Maombi Kumi na Saba

Mkuu wa chuo aliandika kwamba umri wake ni miaka mia tisa, akabofya "Tuma", na fomu ikamkatalia.

"Ala! Imekataa!" alisema, akigeuka kuwaangalia walimu waliojazana nyuma ya kiti. "Mashine hii ina akili kuliko baadhi yenu."

Walimu wakacheka. Mkuu akitania, mwalimu asiyecheka hupangiwa zamu ya Jumapili wodini. Hilo halikuandikwa popote, lakini lilijulikana kuliko sheria zote zilizobandikwa ukutani.

Fomu ilikuwa imemwambia, kwa maandishi mekundu yenye adabu, kwamba mwombaji wa nafasi ya uuguzi awe na umri kati ya miaka kumi na saba na thelathini na tano. Basi Mkuu, mwenye kitambi na wajukuu watatu, akaandika kumi na saba. Kwenye jina akaandika "Mfalme wa Dunia Nzima". Kwenye namba ya simu akapiga sifuri nyingi, ikakataa. Akapiga tisa nyingi, ikakataa. Akasonya, akaweka namba yake mwenyewe, ikakubali. Kwenye swali la mwisho, "Kwa nini unataka kuwa muuguzi?", akajibu: "Napenda kuchoma watu sindano." Akabofya.

Kioo kikaandika: "Asante. Ombi lako limepokelewa. Utajibiwa ndani ya siku kumi na nne."

"Nimepata chuo!" Mkuu akapiga kelele, na kicheko kikawa kikubwa zaidi.

Pembeni, Karani wa masjala alikuwa ameweka daftari magotini, akiandika: namba ya simu, sawa. Umri, sawa. Hakucheka. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amepanga mafaili ya watu wengine kwenye rafu za chumba kile chenye dirisha moja, na kwa miaka miwili ya mwisho, saa za chakula cha mchana, wenzake walipokuwa wakipiga soga, alikuwa akijifunza kutengeneza tovuti kwa kusoma na kukosea. Walimpa jina la Tovuti. "Tovuti, leo umekula?" "Tovuti, mkeo umemwekea kitufe?" Watu wazima hao, wenye vyeti, na utani wao ndio huo.

Sasa tovuti ya chuo ilikuwa tayari, ila haikuwa mahali popote duniani isipokuwa ndani ya kompyuta ile ile ya masjala. Karani alikuwa ameweka programu inayojifanya seva, ile mashine ya mbali inayopokea maombi mtandaoni, na fomu ilikuwa ikituma maombi kutoka kompyuta hiyo kwenda kompyuta hiyo hiyo, kama mtu anayejipigia hodi. Hata barua za taarifa ambazo fomu ilidhani inazituma zilidakwa njiani na kutumbukizwa kwenye folda aliyoiita Debe, kwa kuwa kilichoingia humo hakikuwa na safari tena. Ndivyo inavyofanywa na mtu mwenye akili: unajaribu nyumbani kwako kwanza, unaona panapovuja, ndipo unalipia nafasi mtandaoni. Karani ndiye aliyemweleza Mkuu hayo. Wiki moja baadaye Mkuu aliyasema kwenye kikao cha walimu kama yamemjia usingizini: "Mimi silipii kitu ambacho sijakiona kikifanya kazi!" Walimu wakapiga makofi.

Siku ile ya majaribio kila mtu alijaza ujinga wake. Mwalimu wa anatomia aliiombea nafasi ile mifupa inayoning'inia darasani kwake, akaipa jina la Mwembamba Sana. Mtunza stoo aliandika herufi moja mpaka kisanduku kikajaa. Mhasibu alimwombea mama mkwe wake, akaandika sababu: "Ili aondoke nyumbani." Mwalimu wa lishe, mwanamke mwenye haraka ya kwenda pasipojulikana, alibofya "Tuma" mara tano mfululizo na kuleta maombi matano yaliyo sawasawa, kisha akauliza kwa nini kompyuta ni nzito.

Karani aliandika yote. Aliwadharau wote, kimyakimya na kwa heshima, huku akiwaitikia "ndiyo, mwalimu". Hiyo ndiyo iliyokuwa starehe yake: kukaa katikati ya watu waliomwona bure na kujua moyoni kwamba wao ndio bure. Jioni alihesabu: maombi kumi na sita, na hakuna hata moja la mtu mzima mwenye akili zake. Alihitaji mtu mmoja tu wa kujaza fomu kama inavyojazwa, mtu asiyejua kompyuta, aone anakwamia wapi.

Ndipo mama wa usafi akaingia na ndoo.

Alikuwa mwanamke mkimya wa makamo, mwenye kilemba cha bluu, aliyedeki chuo na wodi mbili za hospitali iliyopakana nacho. Karani alimwona kila siku kwa miaka sita na hakuwahi kumuuliza swali lolote lisilohusu sakafu.

"Mama, hebu njoo ujaze hapa," alimwambia. "Tuone kama inapokea."

"Mimi? Nijaze nini, kaka?"

"Maombi ya kujiunga na chuo."

Mwanamke akaitazama kompyuta, akamtazama yeye. "Naweza kumjazia binti yangu?"

"Mjazie yeyote," Karani akasema, macho yakiwa daftarini.

Mjazie yeyote. Alilitamka hivyo hivyo, kama mtu anayesema funga mlango.

"Basi ngoja kesho," mwanamke akasema. "Nije na vyeti vyake."

Karani aliona jambo hilo la kuchekesha kidogo, lakini akakubali. Kesho yake, Alhamisi, mama wa usafi alinawa mikono mara mbili kabla ya kukaa. Alitoa cheti kwenye mfuko wa plastiki, kikiwa kimekunjwa mara moja tu na kwa uangalifu, akakilaza juu ya meza mbali na kikombe cha chai. Akaanza kutafuta herufi kwa kidole kimoja. Kila alipopata herufi aliibonyeza kwa nguvu, akainua macho kuhakikisha imetokea. Bahati mbaya aligusa mahali, herufi zikawa kubwa zote, naye hakujua namna ya kuzirudisha, akaendelea nazo hivyo hivyo. Karani hakumsaidia: ukimsaidia, jaribio halina maana. Alikuwa ameshika saa.

Kwenye swali la mwisho mwanamke alilisoma swali mara mbili. Akafuta jasho mdomoni. Akaandika.

Alipobofya "Tuma" na kioo kikamwambia asante, alisoma maneno yote kwa sauti, mpaka "siku kumi na nne". "Asante na wewe," akaijibu kompyuta. Kisha akamgeukia Karani. "Mungu akubariki, kaka. Sikujua kwamba na sisi tunaruhusiwa."

Karani akatabasamu, akaandika daftarini: dakika arobaini na moja, fomu haikukatika, vizuri sana. Alikuwa na furaha kweli. Hakusoma alichoandika yule mama. Jioni akaifuta hifadhidata yote, maombi kumi na saba yakaondoka kwa mbofyo mmoja, akazima kompyuta, akaenda nyumbani kumweleza mkewe kwamba fomu ni imara kama ukuta.

*

Siku ya kumi na nne ilikuwa Alhamisi ya kikao cha bodi. Saa moja unusu asubuhi Karani alimkuta mama wa usafi amesimama mlangoni mwa masjala bila ndoo. Hilo peke yake lilikuwa jambo geni.

"Kaka, leo ndiyo ya kumi na nne."

"Ya kumi na nne ya nini, mama?"

"Ya jibu."

Karani alijua mara moja, lakini mtu huwa anauliza swali jingine ili ajipe muda. "Mlijaza na ile fomu ya karatasi? Ile inayotolewa dirishani?"

"Ya nini tena? Si tulijaza ya kwako? Karatasi nilikuwa nayo, nikampa jirani, mwanawe hakuwa na fomu." Alisema hivyo kwa fahari kidogo.

Maombi ya karatasi yalikuwa yamefungwa Ijumaa iliyopita. Boksi lilipigwa gundi na mhuri mbele ya mashahidi, kwa amri ya mwenyekiti wa bodi, na halikuwa na tundu.

"Mama, ile ilikuwa ya majaribio. Haikwenda popote. Ilikuwa inaishia humu humu ndani."

"Lakini iliniambia asante."

"Ndiyo, huwa inaandika hivyo."

"Nani aliiambia iandike?"

Karani akajibu: "Mimi."

"Basi ni wewe uliyeniambia asante," mwanamke akasema. Hakupaza sauti. "Ni wewe uliyeniambia siku kumi na nne. Binti yangu juzi ameaga pale dukani anapouza. Amewaambia anaingia chuo. Wamemfanyia na sherehe ya soda." Akakitazama kiti cha kompyuta. "Wale wengine waliojaza, Mkuu na walimu, walijua ni mchezo?"

"Walijua."

"Wote?"

"Wote, mama."

"Mimi tu ndiye hukuniambia."

"Sikudhani..." Karani akaanza, akajikatiza mwenyewe, kwa sababu mwisho wa sentensi ile ulikuwa mbaya na aliuona ukija. Hakudhani mtu wa ndoo na dekio angeomba kweli. Alidhani vyeti vile, na kule kunawa mikono, vyote vilikuwa vya kumsaidia yeye kupima fomu yake. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Miaka kumi na tisa alikuwa amewahesabia dharau Mkuu na walimu wake, kumbe ya kwake aliibeba mfukoni, safi kabisa, haijapigwa hata kikunjo.

Mwanamke akamtazama mpaka alipotosheka. Kisha akaenda kuchukua ndoo, kwa sababu ukumbi wa bodi ulitakiwa uwe umekauka kabla ya saa nne.

*

Hifadhidata ilikuwa tupu, aliifuta mwenyewe. Alikaa mbele ya kompyuta, ndipo akakumbuka Debe. Folda ile haikuwa imefutwa. Akaifungua. Barua kumi na saba zilikuwa zimelala humo kwa mpangilio, kuanzia Mfalme wa Dunia Nzima. Ya kumi na saba ilikuwa ya herufi kubwa. Aliisoma kwa mara ya kwanza. Alipofika mwisho alivua miwani. Akaichapa karatasi moja, akaenda nayo kwa Mkuu.

Mkuu alikuwa akifunga tai mbele ya kioo cha kabati.

"Mzee, nimefanya kosa," Karani akasema, akaeleza yote bila kujitetea. "Tarehe ipo juu hapa. Ilijazwa siku nane kabla ya kufungwa. Naomba iingie pamoja na zile za boksi. Bodi ndiyo iamue."

Mkuu aliipokea karatasi kwa vidole viwili. "Huyu mama anayedeki?"

"Binti yake."

"Karani, tarehe ni tarehe. Na hili ni la majaribio, umesema mwenyewe. Tukianza kupokea majaribio, kesho mpishi ataleta la kwake." Akairudisha. "Wacha huruma za kijinga. Nenda kanitolee nakala saba za ripoti hii, na usizipindishe."

Karani akaenda. Mashine ya nakala ilikuwa nzito, hivyo alipata nafasi ya kusoma kilichokuwa kikipita chini ya taa yake. Ukurasa wa nne ulikuwa na kichwa kikubwa: Mafanikio. Chini yake, kwa maneno ya Mkuu mwenyewe: "Chini ya uongozi wangu, chuo kimeanza kupokea maombi kwa njia ya mtandao. Hadi sasa tumepokea maombi kumi na saba kutoka sehemu mbalimbali."

Aliisoma mara mbili. Sehemu mbalimbali! Sehemu zenyewe zilikuwa kiti kimoja cha masjala, kilichovunjika mkono wa kushoto.

Akarudi na nakala saba, hazijapindika. "Mzee, hapa ukurasa wa nne. Haya kumi na saba ni yale niliyokutajia, tuliyojaza sisi."

"Kwani kompyuta iliyapokea au haikuyapokea?"

"Iliyapokea, lakini..."

"Basi. Maombi ni maombi."

"Na la huyu binti?"

"Hilo ni la majaribio." Mkuu hakuona haya hata chembe. Mtu wa namna hii huwezi kumkamata kwa maneno yake, kwa sababu hayasikilizi yanapotoka. Akamwekea Karani mkono begani, ule mkono mzito wenye pete. "Bodi ikifurahi leo, wiki ijayo nalipia hiyo seva yako. Mwaka mzima. Jina lako nitaliweka chini kabisa ya ukurasa, kwa maandishi madogo. Unataka au hutaki?"

Karani alitaka. Tusimpake rangi, alitaka mno. Kwa miaka miwili alikuwa ameshinda njaa ya mchana kwa ajili ya maandishi hayo madogo.

"Nimeelewa, mzee," akasema. Ni neno alilokuwa amelisema miaka kumi na tisa, na lilimtoka bila kugusa meno.

*

Mwenyekiti wa bodi alikuwa muuguzi mstaafu, mwanamke mfupi mwenye viatu vya raba, ambaye wote walimwita Sista. Inasemekana aliwahi kumtoa waziri wodini kwa kuingia na viatu vyenye tope. Alisoma ripoti akipitisha kidole chini ya kila mstari, na wajumbe wengine sita wakasubiri kidole kifike. Karani alikaa kwenye kona, akiandika kumbukumbu.

Kidole kikasimama ukurasa wa nne.

"Maombi kumi na saba kwa mtandao," Sista akasema. "Hongera. Nayaona wapi?"

"Yapo kwenye mfumo, Sista," Mkuu akasema.

"Mfumo uko wapi?"

"Mtandaoni."

Sista akatoa simu yake kwenye mkoba. "Nitajie niandike nini nifungue."

Mkuu akakohoa. Akachukua glasi, akaikuta tupu, akainywa hivyo hivyo. "Kwa sasa kuna hitilafu kidogo ya kiufundi. Karani huyu ndiye mtaalamu. Karani, mfumo umeharibika tangu jana, si ndiyo?"

Watu wanane wakamgeukia. Mkuu alikuwa akitabasamu kwa mdomo tu. Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi nusu, sakafu ya korido ilikuwa bado ina maji, na Karani aliona kipande cha kilemba cha bluu kikienda na kurudi, kikienda na kurudi.

Neno moja tu lilihitajika, na alikuwa amelizoea.

"Haujaharibika, mzee," akasema, na sauti yake mwenyewe ikamshtua. "Ila haujawahi kuwa mtandaoni. Upo kwenye kompyuta ya masjala. Nipeni dakika tano nichapishe."

"Hakuna haja..." Mkuu akaanza.

"Chapisha," Sista akasema.

Alirudi na karatasi kumi na saba zikiwa bado na joto, akaziweka mbele ya Sista, akarudi kwenye kona yake. Hakuandika kumbukumbu. Kalamu aliiacha juu ya daftari.

Sista akavaa miwani, akasoma kwa sauti ile ile ya kusomea majina ya wagonjwa. "Mfalme wa Dunia Nzima. Miaka kumi na saba. Anapenda kuchoma watu sindano." Mjumbe mmoja akacheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Sista akaisogeza karatasi karibu na macho. "Namba hii ya simu naijua. Hii si ndiyo uliyonipigia jana, Mkuu?"

Fomu ile ilikuwa imekataa sifuri nyingi na tisa nyingi. Ilitaka namba ya mtu, na ilipewa. Mkuu alinywea kitini mpaka tai ikagusa meza.

"Tulikuwa tunajaribu, Sista. Ni majaribio tu."

"Humu umeandika maombi." Akaendelea. "Mwembamba Sana. Huyu ni nani?" Mwalimu wa anatomia, mjumbe kwa niaba ya walimu, alikuwa anatazama dari kwa bidii. "Mama mkwe wa mtu. Hii haina maneno, ina herufi moja tu. Hizi tano ni za mtu mmoja mwenye kiherehere." Moja baada ya nyingine alizisoma, haraka haraka, akizipindua uso chini, na aibu ikawa nene chumbani kiasi kwamba hata wasiohusika walikaa vibaya. Walikuwa wamepewa mlango wa kuingilia vijana wa watu, wakaugeuza mahali pa kufanyia masihara, kisha wakahesabu masihara yao na kuyaita mafanikio. Sista hakusema hayo. Alisoma tu.

Akafika ya kumi na saba.

Hiyo hakuisoma kwa sauti. Kidole kilipita chini ya jina, majina matatu kamili. Kikapita chini ya namba ya cheti, chini ya alama za masomo, chini ya tarehe. Kikafika kwenye swali la mwisho. Karani, kutoka kwenye kona, aliweza kuyasema maneno yale bila kuyaona, kwa herufi zake kubwa:

ALIMUUGUZA BIBI YAKE MIAKA MIWILI. ANAJUA KUMGEUZA MGONJWA BILA KUMUUMIZA. HANA KINYAA.

Kidole cha Sista kilirudi nyuma na kupita mstari wa mwisho mara ya pili.

"Hii?" akauliza, bila kumtazama Mkuu.

"Hiyo ni kosa langu," Karani akasema, akasimama. "Huyo hakujua kwamba ni majaribio. Mimi sikumwambia. Alijaza siku nane kabla ya kufungwa, akaambiwa asubiri, akasubiri. Wengine wote tulikuwa tunacheza."

Sista akamkodolea macho kwa muda, macho makavu yasiyo na huruma wala hasira, kama anayempima mtu homa kwa kumwangalia tu. "Toka nje," akasema. "Funga mlango."

*

Nje, korido ilinuka dawa ya kudekia. Mama wa usafi alikuwa ameegemea ukuta, dekio mkononi. Karani alisimama karibu naye, si karibu sana.

"Nimeichapa," akasema. "Ipo humo mezani. Sijui watasemaje."

"Uliisoma?"

"Leo."

Mwanamke akatikisa kichwa, ile namna ya kutikisa kichwa ya mtu aliyekwisha kusikia mengi. Hakumshukuru. Ingekuwa ajabu kama angemshukuru.

Baada ya saa moja mlango ulifunguliwa. Wajumbe wakatoka wakizungumza habari za hali ya hewa. Sista alipita na mkoba wake kwapani, akakwepa maji sakafuni kwa adabu, hakusema neno. Mkuu alitoka wa mwisho, tai imelegea. Alipomfikia Karani alisimama kiasi cha kumwambia usoni, "Hiyo tovuti yako, kaizike. Na kuanzia Jumatatu utakuwa stoo," kisha akaenda zake, viatu vikiacha alama kwenye sakafu iliyokuwa bado mbichi.

Mama wa usafi alizitazama zile alama, akasonya, akazifuta. Halafu akaingia ukumbini kusafisha.

Karani alimwona kupitia mlango uliobaki wazi. Mwanamke hakugusa meza kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwenye debe la taka lililokuwa chini ya kiti cha mwenyekiti, akalivuta, akapiga magoti. Akatoa karatasi iliyofinyangwa, akaikunjua pajani, akasoma jina, akaiweka kando. Akatoa ya pili. Alisoma polepole, midomo ikicheza, kidole kimoja kikitangulia, kama alivyokuwa amejaza. Mfalme. Mifupa. Mama mkwe. Zile tano zinazofanana alizisoma zote tano.

Karani alikuwa akihesabu pamoja naye, bila kujua kwamba midomo yake nayo inacheza. Kumi na nne. Kumi na tano. Kumi na sita.

Mwanamke akaingiza mkono ndani ya debe mpaka kwenye kiwiko, akapapasa chini kabisa. Akaliinamisha, akatazama ndani. Akainama kuangalia chini ya meza, chini ya viti, nyuma ya pazia. Akarudi akahesabu tena zile alizoziweka kando, akilamba kidole kwa kila karatasi.

Zilikuwa kumi na sita. Ya binti yake haikutupwa.

Akabaki amepiga magoti pale, mikono mitupu juu ya mapaja. Kisha akaokota karatasi zote, akazirudisha kwenye debe, akazisukumiza chini kwa kiganja, akasimama, akaanza kufuta meza.